Ng'ombe wa Wifi

Jumatano, 6 Novemba

Kaunta buku hii niliinunua ili niandike kodi za fremu zangu tatu za maduka. Leo fremu zote tatu hazina mtu. Aliyekuwa amebaki, kijana muuza mikanda ya karasha, mashine za kusaga mawe ya mgodini, amefungasha na kufuata rashi mpya, machimbo ya dhahabu yaliyogunduliwa kule Geita, kama wenzake waliotangulia. Kodi ya kuandika hakuna, kwa hiyo nitaandika yangu.

Niweke na majina kabisa, maana mama yangu alipofariki tulikuta karatasi zake na hatukujua alikuwa anamsema nani. Mimi ni Asteria, Mama Paskazia. Baba yangu alikuwa Mluguru wa reli, nimezaliwa kota za Isaka, nimeolewa Kahama mjini, na kijijini nakwenda kwa msiba na Krismasi tu. Mume wangu ni Mayala, Msukuma, anafanya kazi bandari kavu ya Isaka, kupakia na kupakua makontena. Mtoto wetu Paskazia yuko bwenini. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni Zuhra, ambaye mumewe ananunua dhahabu na ambaye vigae vyake vinaanzia getini. Na wifi yangu ni Eufrasia, dada mkubwa wa Mayala, yuko Ushetu na ng'ombe wake. Huyo nitamwandika sana, najijua.

Mvua bado.

Jumamosi, 9 Novemba

Mayala katoka Ushetu leo. Kila akipata mshahara, kabla hajaleta hata sabuni ndani, lazima aende kwa dada yake. Anabeba dawa ya kupe, chumvi ya mifugo na sindano za chanjo, anarudi na kidumu cha samli.

"Dada anakusalimu," akasema. "Hii ni yako."

"Na yeye kabaki na madumu mangapi?"

"Mama Paskazia, pokea basi."

Nimepokea. Mwanamke ana zizi limejaa, halafu mimi ananipimia samli kwenye kidumu cha mafuta ya alizeti, tena hata lebo hakubandua. Nimevuka kwa Zuhra, akainunua yote bila kuuliza bei. Zuhra haulizi bei ya kitu chochote, na hilo nalo linaniudhi.

Pesa imekwenda kwenye rejesho la mkopo.

Jumapili, 17 Novemba

Joto. Zuhra ameweka kiyoyozi. Nimekisikia kinanguruma mchana kutwa.

Jumatatu, 25 Novemba

Thobias amekuja. Ni afisa wa kampuni ya mikopo, kijana mpole, anayeamkia kwa adabu, na ndiyo maana namwogopa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, la mwezi uliopita bado, na la mwezi huu linaingia."

"Wapangaji wamehamia rashi. Wakirudi utalipwa."

"Mfumo hausubiri rashi, mama." Akavua viatu mlangoni asichafue vigae vyangu, akaingia kuvitazama. Alivitazama kama vyake, na kwa karatasi ni vyake.

Nyumba hii iko rehani. Hati iko kwao. Ilitakiwa mke aridhie, nami niliridhia upesi kuliko mwenye nyumba. Mayala ndiye aliyesita. Nilimwambia Zuhra ameweka vigae hadi chooni na sisi tunakanyaga saruji iliyopasuka. Nikamwambia tujenge na fremu mbele, fremu zitalipa deni zenyewe, sisi tutakaa tunakunywa chai. Kampuni ikataka na mdhamini mwenye mali. Mayala akamleta Eufrasia, akaweka dole gumba, na barua ya kijiji ikasomwa mbele yangu kwamba zizini kwake kuna ng'ombe ishirini na wawili.

Ishirini na wawili! Kumbe mle ndani ya khanga iliyopauka kuna tajiri. Tangu siku ile kila nikiona dawa ya kupe kwenye mfuko wa Mayala roho inaniuma. Mshahara wa mume wangu unanenepesha ng'ombe wa mwanamke mwingine, na kwamba mwanamke huyo ni dada yake hakunipunguzii kitu.

Makochi hatuna. Niliwahi kukopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya kulipa kila wiki, bila kumwambia Mayala, nikanunua makochi kama ya Zuhra. Wenyewe walikuja kuyabeba mchana kweupe. Mpaka leo Mayala hanionyeshi karatasi ya mshahara, na nikiuliza habari za pesa anaanza kusema habari za hali ya hewa.

Jumapili, 8 Desemba

Mvua ya kwanza. Kubwa. Bati la Zuhra la rangi ya damu ya mzee limeoshwa linawaka. Letu linavuja chumba cha Paskazia, nimeweka beseni.

Mayala alisimama mlangoni akiangalia maji huku anacheka peke yake. "Ushetu nako inanyesha," akasema. "Nimepiga simu."

Nyumba yake inavuja, yeye anapiga simu kuulizia majani ya ng'ombe wa watu.

Alhamisi, 26 Desemba. Ushetu

Tumekuja kula Krismasi kwa Eufrasia. Paskazia kafurahi, anachunga na watoto wa majirani. Mimi nina mengi ya kuandika na nimejifungia humu ndani, nimesema kichwa kinauma.

Tulifika jana. Eufrasia alitoka jikoni anakimbia, mikono ina unga, akanikumbatia.

"Ng'wangaluka, mayu! Karibu nyumbani kwako."

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba, marahaba. Mbona umekonda? Mayala, humlishi mwenzio?"

Nyumba yake ni ya tofali za kuchoma, mlango wa mbao, sakafu ya udongo aliyoisiriba vizuri. Hana kigae hata kimoja. Nilitafuta kitu cha kumwonea huruma nikakosa, maana hapo nyuma zizi lilikuwa linanguruma. Kabla sijaosha uso akanishika mkono kunipeleka huko. Mimi, si Mayala.

"Hawa wanaendelea vizuri, wifi," akaniambia. "Kiangazi kimewatesa, unaona mbavu, lakini mvua ikishika watanona. Yule mwenye pembe moja ana mimba. Wale madume wawili mwezi wa tano watakuwa wa kutisha. Wa madoa alikufa mwezi wa kumi, tumbo lilimvimba. Ngozi yake ninayo, nimemwonyesha Mayala, na wewe njoo uione."

Akanitolea ngozi kavu ya ng'ombe mfu, akaikunjua mbele yangu. Mtu akiwa na mali hata ngozi ya mzoga anaitandaza mbele ya wageni! Mimi makochi yangu yalibebwa, sikumwonyesha mtu.

"Na huyu mweupe?" nikauliza, kwa sababu alikuwa amefungwa peke yake karibu na nyumba, tumbo kubwa.

"Huyo kanipa Mayala," akasema, uso umemchanua. "Mwaka jana. Karibu anazaa."

Kampa Mayala! Nilihesabu mwaka jana yote kichwani. Mwaka jana ndio mwaka niliomwomba cherehani ya umeme akaniambia hana kitu.

Leo asubuhi ng'ombe wote wametolewa kwenda kuogeshwa. Josho liko ng'ambo ya mto mkavu, na kila baada ya wiki mbili, siku ya Alhamisi, kijiji kizima kinakutana huko. Mweupe tu kabaki kwa sababu ya mimba. Mayala alikwenda nao, kavaa viatu vya mvua vya shemeji yake marehemu, anapiga mluzi. Nyumbani kwangu sijamsikia akipiga mluzi tangu tuchukue mkopo.

Jioni Eufrasia amenipa kuku wawili, viazi na kidumu kingine. Nimesema asante. Nilipokuwa nasema, nilimwona Mayala ananiangalia kama anataka kuniambia kitu. Halafu akaenda kufunga mizigo.

Ijumaa, 3 Januari

Samli imekwenda kwa Zuhra. Michango ya shule imekwenda kwa Paskazia. Kwangu hakijabaki kitu.

Jumapili, 19 Januari

Mvua imekata tangu mwaka mpya. Mahindi ya watu yanajikunja. Mpangaji mmoja alikuja kuangalia fremu, akauliza kama kuna maji, akauliza kama kuna parking, akaenda.

Mayala anaongea na dada yake kwa simu kila jioni. Anatoka nje ili kuongea. Nimesimama dirishani kusikiliza, na wanachoongea ni Kisukuma cha haraka, mimi nashika neno moja moja. Majani. Maji. Mwezi wa tano. Nilimuuliza mwezi wa tano kuna nini.

"Mwezi wa tano mambo yatakaa sawa."

"Mambo gani?"

"Tulia tu, Mama Paskazia. Nakuomba utulie mpaka mwezi wa tano."

Kwa mwanamke mwenye deni neno tulia ni tusi. Nadhani wanataka kununua ng'ombe wengine.

Jumatatu, 3 Februari

Barua. Tumepewa muda mfupi, wasipoona pesa wanatangaza nyumba. Mayala kaisoma amesimama, kaikunja, kaiweka mfuko wa shati.

"Nitaongea nao watuvumilie hadi Mei," akasema.

"Na wakikataa?"

"Nitaongea nao."

Nikamwambia aende kwa dada yake auze hata watano. Akasema sasa hivi ng'ombe ni mifupa, atakayeuza sasa ameuza ngozi. Nikamwambia kumbe ng'ombe wa Eufrasia wanakuuma kuliko nyumba ya mkeo. Alichukua kizibao chake cha kazini akaenda zamu ambayo haikuwa yake.

Jumatano, 12 Februari

Nimefanya jambo leo na moyo wangu mweupe. Naliandika kabla mtu hajanibadilisha mawazo.

Thobias alikuja na mwenzake mwenye futi ya kupimia. Walipima sebule. Walipima chumba changu, wakanyoosha futi juu ya kitanda changu. Walipiga picha vigae. Zuhra alikuwa barazani kwake anapepeta mchele, anapepeta taratibu kuliko mchele unavyotaka, na nilijua ifikapo jioni mtaa wote utakuwa unajua.

Hasira ikanipanda. "Kwani mdhamini yeye hana mali?" nikamuuliza Thobias.

"Anayo, mama. Mkataba unaturuhusu. Lakini ng'ombe ni mali inayotembea. Tukifika tunaambiwa wako malishoni, tukirudi wamehamishiwa kwa mjomba. Nyumba haihami."

"Wafuate Alhamisi."

"Alhamisi ipi?"

"Ya wiki ijayo. Wote watakuwa josho, ng'ambo ya mto mkavu. Hapo hakuna wa kuwaficha."

Aliniangalia kidogo, akaandika. Mwenye futi akakunja futi yake. Walipoondoka nilipiga deki nyumba nzima, nikasugua hadi kwenye pembe, nikaimba.

Yeye ana ng'ombe ishirini na kitu, watoto wake wamekwisha kuoa na kuolewa, ana shamba la tumbaku. Atafufuka. Mimi nikipoteza nyumba hii sifufuki. Na niseme lote, kwa kuwa hapa najisomea mwenyewe: sitaki tu nyumba yangu ipone. Nataka na zizi lake nilione tupu, nimsikie Mayala akikosa pa kupeleka dawa ya kupe.

Alhamisi, 20 Februari

Manyunyu. Sijala. Simu ya Mayala imepatikana mara moja ikakata.

Ijumaa, 21 Februari

Wamewachukua. Wamekwenda na lori, polisi na mtendaji. Mayala alipigiwa simu akiwa kazini, akapanda pikipiki kutoka Isaka hadi Ushetu, akakuta vumbi. Dalali amewapiga mnada hukohuko kwa wachuuzi waliokuwa wanangoja, kana kwamba walijua.

Amerudi leo mchana. Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa pale ukumbini, kizibao cha kazini kikiwa mwilini, hakukivua.

"Pole," nikamwambia.

"Pole na wewe," akasema.

Nilidhani ananikejeli, nikamtazama. Hakuwa ananikejeli. Alikuwa na uso wa mfiwa anayempa pole mfiwa mwenzake. Sikuelewa, na nilikuwa na furaha nyingi mno hata nisiulize. Thobias amepiga simu kwamba nyumba haitangazwi tena kwa sasa. Nimepika pilau. Mayala amekula vijiko vitatu.

Jumanne, 25 Februari

Zuhra kauliza mbona siku hizi samli haiji. Nimemwambia wifi yangu amefilisika. Nimelisema taratibu ili nilisikie vizuri.

Jumapili, 2 Machi

Sijui nianzie wapi. Nitaandika hivyohivyo.

Eufrasia amekuja leo baada ya misa. Alishuka na mfuko wa sandarusi kichwani, viatu mkononi kwa ajili ya matope. Nikasema moyoni, haya, amekuja kutugombeza, na mimi nina majibu. Nilikuwa nimeyapanga majibu tangu ile siku ya futi.

Alikataa kiti. Alikaa chini kwenye vigae, miguu ameikunja upande, akafungua mfuko, akatoa ile ngozi ya ng'ombe wa madoa na ngozi nyingine ya ndama, haijakauka vizuri. Akazitandaza mbele yetu sisi wawili, mbele ya Mayala na mbele yangu.

"Nimekuja kutoa hesabu," akasema. "Huyu alikufa kwa tumbo, mlimwona. Huyu ndama alikanyagwa josho siku ile, watu walipoanza kuwaswaga. Wengine wote wamechukuliwa mikononi mwangu. Hakuna niliyemuuza, hakuna niliyemficha." Halafu akanigeukia mimi, mtu mzima yule, akapiga goti. "Wifi, nisamehe. Nimewapoteza ng'ombe wenu."

Nikasikia, nikadhani sikusikia.

"Ng'ombe wetu akina nani?"

Akamtazama Mayala. Mayala alikuwa anatazama vigae.

"Hukumwambia?" akamuuliza. "Mayala, mwaka wa ngapi huu? Mimi siku zote namwonyesha mwenzio mifugo nikijua namwonyesha mwenye mali!"

Mayala akasema, kwa sauti ya chini, kwamba ng'ombe walikuwa wake. Wa kwetu. Alianza na mitamba wawili kabla Paskazia hajazaliwa, akawapeleka kwa dada yake awatunze. Huku Usukumani ndivyo wanavyofanya, wanaita kubilisa: ng'ombe ni wako, zizi ni la mwenzio, yeye anakamua, anapata mbolea, akitunza vizuri unampa mmoja. Akifa ng'ombe lazima akuonyeshe ngozi ili ujue hakumla wala hakumuuza. Mweupe ndiye pekee aliyekuwa wa Eufrasia, malipo ya miaka yote ile.

"Na samli?" nikauliza. Sijui kwa nini nilianzia kwenye samli.

"Fungu la mwenye ng'ombe," Eufrasia akasema. "Nilikuwa nachuja mwenyewe, nisikutie aibu mjini."

Mimi ni mtoto wa reli. Kwetu kilicho uani kwako ni chako. Nimeishi na Wasukuma maisha yangu yote na sikuwahi kuuliza ng'ombe aliye zizini kwa mtu ni wa nani.

"Mei ningewauza," Mayala akasema, bado anatazama chini. "Wakiwa wamenona, wanunuzi wa machinjio wanapigana bei. Deni lote lingekwisha. Hati ningekuletea mkononi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungewakopea."

Ningewakopea. Ningeweka makochi, king'amuzi na kiyoyozi, na rejesho lake ningesema ng'ombe watalipa wenyewe.

Kisha akauliza lile nililokuwa naliogopa. "Nani aliwaambia Alhamisi? Kampuni ya mjini inajuaje siku ya josho?"

Eufrasia alinitazama. Si kwa muda mrefu. Akaanza kukunja ngozi. "Kijiji kizima kinajua siku ya josho," akasema haraka. "Watu wana midomo. Tuache hayo, Mayala."

Alijua. Yule mwanamke alijua, na alikuwa ananifunika.

Ningeweza kunyamaza. Mlango alinifungulia mwenyewe. Lakini nilimtazama pale chini, amekunja ngozi zake vizuri, tope limemkaukia miguuni, na ule wivu wangu ukanipanda tena, mkali kuliko wa ng'ombe na wa vigae. Hata katika hili awe mwema kuliko mimi? Hata uongo wa kuokoa ndoa yangu niupokee kwake kwa kidumu?

"Ni mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyewaambia."

Mayala hakunipiga wala hakufoka. Alisimama, akamshika dada yake mkono akamwinua, akaenda kumsindikiza stendi kwenye mvua. Ameshinda huko. Mvua haijakatika tangu saa ile.

Jumatatu, 3 Machi

Mvua.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Mayala analala chumba cha Paskazia, penye beseni.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekwenda ofisini kwao. Thobias amenifafanulia kwa adabu zake. Bei ya mnada ilikuwa ndogo kwa sababu ng'ombe walikuwa wamekonda. Humo ikatolewa ya dalali, ya lori, ya polisi, ya faini za kuchelewa. Kilichobaki kimelipa malimbikizo na kipande cha deni. Deni lenyewe bado limekaa.

"Lakini umepata nafuu, mama," akasema.

Ng'ombe wa miaka kumi na mitano wameninunulia nafuu hadi Juni.

Jumamosi, 29 Machi

Majani yamefika magotini, hata hapa mjini, kandokando ya barabara. Nimepita mnadani kununua nyama ya utumbo. Ng'ombe wamenona wanang'aa, na wanunuzi walikuwa wanapandishiana bei kwa kelele. Nilisimama nikatafuta mwenye pembe moja. Sikumwona.

Jumanne, 8 Aprili

Mayala amesema maneno mengi leo kuliko mwezi mzima uliopita. Amesema tuipangishe nyumba. Fundi umeme mmoja wa mgodini anatafuta nyumba yenye vigae, yuko tayari kulipa vizuri, na kodi yake inatosha rejesho.

"Na sisi?"

"Fremu si zipo?"

Nilitaka kulia ikanijia kucheka, nikacheka vibaya. Yeye akatabasamu kidogo, upande mmoja. Ndiyo mara ya kwanza tangu ngozi zile.

Jumatatu, 14 Aprili

Tumehamia fremu ya katikati. Kitanda, jiko la gesi, masanduku. Zuhra kaleta pazia zito la kuweka nyuma ya mlango wa chuma, na hakusema chochote cha kunikera, jambo ambalo limenikera.

Mke wa fundi umeme anaitwa Mama Marcel. Ana makochi.

Ijumaa, 18 Aprili

Mama Marcel hapigi deki kwenye pembe. Namwona kwa dirisha la nyuma. Anatembea juu ya vigae vyangu na viatu vya nje, ananing'iniza nguo kwenye kamba yangu, chumba changu amekiwekea taa ya bluu. Nimemwonea wivu mpaka nikajishangaa. Nimewahi kuionea wivu nyumba ya Zuhra, na zizi la wifi, sasa naionea wivu nyumba yangu mwenyewe.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Eufrasia amekuja.

Nilimsikia kabla sijamwona. "Hodi humu dukani! Mnauza nini?" Paskazia, ambaye yuko likizo, alipasuka kwa kicheko akamkimbilia. Mimi nilibaki nimeshika mwiko.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba, mayu." Akaingia, akatazama kitanda, masanduku na pazia la Zuhra. "Panafaa. Hapavuji?"

"Hapavuji."

Akakaa kitandani, maana kiti hakuna, akafungua kikapu. Akatoa kidumu kilekile cha mafuta ya alizeti, lebo yake juu, kimejaa hadi shingoni.

Nilikitazama nikashindwa kukipokea. "Wifi, sisi hatuna ng'ombe tena. Hili si fungu la mtu."

"Najua si fungu," akasema. "Ni samli ya mweupe. Amezaa jike. Pokea, mkono unaniuma."

Nikapokea. Nilikaa pembeni yake na kidumu mapajani. Yeye akaanza kumuuliza Paskazia habari za mitihani.

Mayala alipotoka kuwasindikiza dada yake na Paskazia kwenda kusalimia kanisani, nilipasha ugali wa mchana, nikatia kijiko kimoja cha samli juu. Harufu ikatoka kwa mlango wa nyuma. Haikupita muda Mama Marcel akachungulia, na kile kitenge chake kipya.

"Jamani, hiyo samli ya kijijini? Niuzie hata nusu. Nitakupa bei yoyote."

"Haiuzwi."

"Umeitoa wapi?"

"Kaniletea wifi yangu."

Alisimama pale kwenye kizingiti, amekitazama kidumu, akanitazama mimi, akatazama tena kidumu. "Una bahati, mwenzangu," akasema. "Mimi mawifi zangu wanne, na hakuna hata mmoja ambaye amewahi kuniletea hata limao." Sauti ilikuwa ya utani, uso haukuwa wa utani.

Uso ule naujua. Nimeuvaa tangu Novemba.

Nikachukua kikombe, nikamchotea kikajaa. Alipotaka kutoa pesa nikamkunja vidole, nikamwambia arudishe kikombe tu, na akipiga deki asisahau pembe.